Kiti cha Kushoto

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, nikiwa bado na meno yangu yote, palikuwa na mtu Iringa aitwaye Anselmi Kikoti. Kaeni vizuri. Atakayenikatiza, atamalizia yeye.

Kikoti alikuwa na gari la mashindano. Jekundu, pua ndefu, milango miwili, viti viwili basi. Ujanani alishindana nalo mpaka Songea, yeye kwenye usukani, na kiti cha kushoto akikaa rafiki yake Vitalis Gama, Mngoni, akimsomea njia: "Kona kali kulia! Daraja bovu! Kanyaga, Mhehe, kanyaga!" Nanyi mnajua Mhehe na Mngoni ni watani. Mababu walipigana hadi wakachoka, wajukuu wakabaki kutukanana na kucheka.

Mwaka alipofiwa na mama yake, Kikoti alifika msibani kwa gari hilo. Gama akafanya kazi ya mtani. Alifungua boneti mbele ya waombolezaji, akachomoa rota, kile kidude cheusi kama kidole gumba kinachogawa moto kwenye plagi, akakitia mfukoni. "Huondoki hapa, Mhehe, mpaka unikomboe kwa kibuyu cha pombe ya ulanzi!"

Watu wakacheka, maana ndiyo desturi. Mtani huchukua, mfiwa hutoa, na kilio hupungua. Lakini siku hiyo Kikoti hakuweza kucheka. Alimpenda mno mama yake. Akasema mbele za watu, "Kaa nacho. Hata gari likioza, sikukomboi."

Mtani hakasirikiwi, na yeye alikasirika. Gari likasukumwa hadi nyumbani, likafungiwa bandani, na marafiki wale hawakusemezana miaka kumi na tisa. Kisa kibuyu cha ulanzi! Ningekuwapo ningewachapa wote wawili.

Mwaka wa kumi na tisa, Kikoti akapatwa na presha ya macho. Daktari alimwambia dawa zitachelewesha tu. Giza lilikuwa linaingia kutoka pembeni, na kabla mahindi hayajakomaa lingefika katikati. Tangu siku hiyo mtu huyu hakutulia. Kila asubuhi alisimama mlangoni, akatazama mbele bila kugeuza shingo, akahesabu milingoti, ile mikaratusi mirefu ya jirani, aliyoweza kuiona. Kumi na mmoja. Wiki iliyofuata, tisa. Akiketi anainuka, akiinuka anazunguka ua, chai inapoa mkononi. Alitaka jambo moja tu: kuliendesha gari lile mara moja, akiwa bado anaona, kwenye barabara ya zamani ya shamba la miti, ambako hakupiti mtu tangu lami ijengwe bondeni.

Akamwita fundi Luhwago. Akasema mbele ya mkewe Felista, na neno likaenea mji mzima: "Atakayelifanya lingurume, kiti cha kushoto ni chake."

Luhwago akafunga gereji yake, akahamia bandani. Akaosha kabureta, akabadili nyaya, akaweka betri ya kuazima. Wakapiga stata. Gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.

"Mzee, ajabu injini haijashikana," fundi alisema. "Iliyolala muda wote huu ilipaswa kuwa jiwe. Lakini rota yake iko wapi?"

"Ilipotea," Kikoti akajibu, akitazama viatu vyake.

Luhwago akatafuta rota Mafinga, akatafuta Makambako, akatafuta Mbeya. Hakuna. Akachonga ya trekta ikakaa kidogo. Wakapiga stata. Gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Akafumua injini yote, nati kwa nati, akairudisha. Wakapiga stata. Gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Miezi miwili ikakatika, na milingoti ikabaki mitano.

"Baba Devota," Felista akamwambia, "nenda kwa Gama."

"Siendi."

"Macho yanaondoka."

"Nayaona yanavyoondoka. Siendi!" Akatoka kuzunguka ua. Alijua mkewe anasema kweli, na kujua huko kulimchoma kuliko ugonjwa wenyewe.

Habari za macho zikamfikia Gama sokoni, huko huko habari zinakofika. Wangoni wenzake wakamwonya: "Ukirudisha bila kukombolewa, umetuaibisha sote. Mhehe atatucheka mpaka kiyama." Alhamisi hiyo, jua likiwa utosini, Gama akabisha hodi kwa Kikoti.

"Sijaja kusalimia, Mhehe," akasema. Akafungua leso, akaiweka rota juu ya boneti.

Kikoti akaitazama. Hasira na furaha vilimpanda pamoja, asijue kipi kimetangulia. Luhwago akaifunga rota mahali pake. Wakapiga stata.

Gari likanguruma! Kuku wakaruka, majirani wakatoka, na Kikoti akalia waziwazi bila kujificha. Akaingia nyuma ya usukani, akaufungua mlango wa kushoto.

"Usilizime, mzee," fundi akaonya. "Betri imeishia hapo. Likizima leo, siahidi kesho." Kisha akaushika mlango ule, akataka kuingia.

Mkono wa Gama ukaushika pia. "Wapi, fundi?"

"Kitini kwangu. Mimi nimefunga gereji miezi miwili, wateja wamehamia kwa wengine. Bila injini, rota yako ni kidude cha mfukoni. Mzee aliahidi kwa atakayelifanya lingurume. Hiki kinachonguruma, nani amekitengeneza?"

"Umetengeneza kikohozi!" Gama akasema. "Mlipiga stata likakohoa, nimekuja mimi likanguruma. Tena nimejivunjia heshima kwa Wangoni wote. Njia ile naijua kona kwa kona. Huyu pembeni haoni. Ukikaa wewe, utamsomea nini? Kiti chenyewe kina umbo la makalio yangu."

"Si wewe uliyeliua?"

"Si yeye aliyenikatalia kibuyu? Tena mbele za watu!"

Kikoti kwenye usukani akainamisha kichwa.

Ndipo Felista akaja, akiwa na doti yake mpya ya kitenge, na mkono wake akauweka juu ya mikono ile miwili.

"Fundi, ulishangaa injini haijashikana. Kila Jumapili baada ya misa, huyu akilala mchana, nilimimina mafuta kwenye matundu ya plagi, nikashika spana kubwa, nikaizungusha. Miaka kumi na tisa. Ningeiacha, rota ingewasha nini, nawe ungefumua nini?"

"Mbona hukuniambia?" Kikoti aliuliza.

"Ulikataza gari hili lisitajwe nyumbani. Lakini usingizini ulikuwa ukibadilisha gia kwenye paja langu. Sasa sikiliza. Tangu unioe sijakalia kiti hiki. Enzi za mbio alikaa Gama. Enzi za kununa hakukaa mtu. Nikae lini, Baba Devota? Ukiwa huoni tena aliye kando yako?"

Kikoti akageuza shingo yote, maana pembeni kulikuwa giza, akawatazama mmoja mmoja. Wote watatu aliwapenda, na wote watatu walimdai msamaha.

Sasa asinijie mjanja hapa akasema waende kwa zamu: mafuta ni ya safari moja, na gari likizima hakuna anayejua litawaka lini, wala macho yatangoja hadi lini. Wala msiseme wabanane, Gama peke yake anakijaza kiti hadi mlangoni. Injini inanguruma, mikono mitatu iko mlangoni, mguu wa Kikoti uko juu ya klachi.

Haya, semeni upesi. Je, nani alistahili kukaa kando yake?