Viatu Vyekundu vya Premji Mochi

Nikisema kale, nyinyi semeni ipo. Kale? Ipo. Kale? Ipo.

Wewe Hansa hukuitika. Usidhani sijui kwa nini umenuna. Mama yako kaniambia kuwa shuleni umewadanganya wenzako, umesema jina lako la ukoo si Mochi, kwa sababu wanakucheka. Basi sogea hapa, chambua choroko, na ukiona kijiwe kitoe. Kisa hiki ni chako.

Hapo kale za kale, wazee wetu walipokuwa bado Kachi, huko Bara Hindi, jina la ukoo lilikuwa kazi ya mtu. Soni alifua dhahabu, ndiye huku tunamwita sonara. Darji alishona nguo. Lohar alipiga chuma. Zaveri aliuza vito, na huyo kila nyumba aliyoingia alipewa kiti. Na Mochi je? Sema, Hansa. Haya, nitasema mimi. Mochi alishona viatu. Na kwa kuwa ngozi hutoka kwa mnyama aliyekufa, watu walimwona najisi. Akiomba maji, alimiminiwa viganjani kwa mbali, asije akagusa kata yao. Ila viatu vyake walivaa, tena walivipenda.

Basi palikuwa na Premji Mochi, kafiwa na mke, ana mtoto mmoja tu, Vallabh. Premji akashona, akashona, akashona, mpaka akaweza kumpeleka mwanawe huku pwani akatafute maisha. Vallabh akaingia mji wa bandari ambako hakuna aliyemjua. Wakamuuliza, "Wewe ni nani?" Akajibu, "Vallabh Zaveri." Hivyo tu, limemtoka. Na uongo ule ukapewa kiti. Ukapewa chai. Mwishowe ukapewa mchumba, binti wa tajiri mmoja mwenye majivuno.

Mnacheka nini? Ngojeni kwanza.

Kwetu sisi kuna mila: viatu vya harusi vya mwana hushonwa na baba yake. Premji aliposikia kwa wasafiri kuwa mwanawe anaoa, hakungoja mwaliko. Baba haalikwi. Akashona, akashona, akashona, viatu vyekundu vyenye ncha zilizopinda juu, akavifunga kitambaani, akavuka bahari. Akafika siku yenyewe ya harusi, na vumbi lake la safari. Akamkuta Vallabh mlangoni, amesimama na mkwewe.

"Huyu mzee ni nani?" akauliza mkwe.

Vallabh akamtazama baba yake. Akaviona vile vidole, vyeusi kwa rangi ya ngozi. Wajukuu zangu, mimi sikuwepo, lakini nikifika hapa huona haya kana kwamba nilikuwepo.

"Ni fundi viatu," akasema. "Nilimwagiza viatu vya harusi."

Mzee akafungua kitambaa. Akapiga magoti, akamvisha mwanawe cha kulia, akamvisha cha kushoto. Kisha akauliza, "Vinakubana, bwana?"

"Havibani."

Kamwita mwanawe bwana, mnasikia? Na mwana kaitikia.

"Kaa hapo mlangoni, fundi," mkwe akamwambia. "Waangalizie wageni viatu vyao. Chakula utaletewa."

Premji akakaa. Wageni wakavua viatu, na bwana harusi akavua vyake vyekundu, wakaingia uani kulikowashwa moto wa ndoa. Sasa, ndoa ya Kihindi haifungwi mpaka bwana harusi ataje wazee wake mbele ya moto ule. Kuhani akamuuliza, "Baba yako ni nani, na yuko wapi?"

Vallabh akajibu kwa sauti ya kusikika, "Premji Zaveri. Alikwisha kufa."

Pale mlangoni, Premji akayasikia. Hakulia. Akainuka, akaenda kisimani, akateka maji, akajimwagia na nguo zake mwilini. Ndivyo wafanyavyo watu wa kwao wakipata habari ya msiba.

Nyanya yake bibi harusi akamwona. Bi Kanku, mwanamke wa maneno machache, si kama mimi. Akamsogelea. "Pole, ndugu yangu. Umefiwa na nani?"

"Na Premji."

"Premji baba wa bwana harusi? Wewe ni nani wake?"

Mzee akakamua nguo yake. Bi Kanku akamtazama pua, akamtazama masikio, akaelewa. Akaingia uani, akasema, "Simamisheni. Kuna msiba hapa, na harusi haifungwi juu ya msiba. Wewe kijana, nenda kisimani ukamtazame maiti wako."

Vallabh akaenda, watu wote nyuma yake. Akaanguka miguuni pa mzee. "Baba, nisamehe."

Kimya.

"Baba."

"Umesema nimekufa," Premji akasema. "Maiti haitiki."

"Ulimzika kwa kinywa chako mbele ya watu," akasema Bi Kanku. "Mfufue kwa kinywa hichohicho."

Basi Vallabh akawageukia wageni. "Baba yangu hakufa. Ni huyu hapa aliyelowa maji. Yeye ni Premji Mochi, na mimi ni Vallabh Mochi."

Mkwe akaumwagia moto maji, na ndoa ikafia hapo. Wageni wakataka kuondoka. Vallabh akaenda kukaa pale mlangoni alipokaa baba yake, akampa kila mtu viatu vyake mkononi, na hakuna aliyemuaga. Wengine walivifuta kwanza kwa nguo ndipo wakavaa. Mpaka vikabaki vile vyekundu peke yake.

Ndipo akasikia sauti kutoka kisimani. "Vallabh, vaa viatu twende."

"Naam, baba."

Alikuja kuoa baadaye, binti wa akina Darji, ndiko tulikotoka sisi. Na mpaka leo, mwana wa Mochi akioa, kwanza huketi mlangoni penye viatu vya wageni. Mmemwona mjomba wenu akiketi pale, mkadhani ni mchezo. Ni aibu yetu ile, tunaikalia kidogo ili isirudi. Anayelizika jina lake humzika na aliyempa.

Hansa, kesho mwalimu akiita jina lako lote, utafanyaje? Umeinama tu. Haya, usinijibu mimi.

Kisa nimekivua, nakiacha mlangoni, kitakayemtosha akivae. Kale?

Ipo.

Sauti ya Hansa hiyo. Nimeisikia.