Kilemba Kilichochelewa

Hapo zamani, wala si zamani ya kusingiziwa, maana shangazi yangu aliwajua wote, palikuwa na mfinyanzi akiitwa Bi Somoe. Alimlea yatima mmoja, Mshamu. Mtoto akiuliza, "Mama, chungu hiki kizuri?" hujibiwa, "Kitie maji, usubiri." Akiuliza, "Na neno hili ni kweli?" hujibiwa, "Nalo litie maji. Ishi nalo, uone litakufanyia nini."

Mshamu akaenda mjini kwa Mwalimu Ngwali, bingwa wa kuchambua maneno kama dagaa: kichwa huku, mwiba kule. Ada yetu, mwanafunzi akihitimu humpa aliyemfundisha kilemba. Mshamu akasema, "Nitakitoa kitabu changu kikiisha."

Huko barazani akawa anayacheka mafunzo ya mama mlezi wake: "Ati kinachofaa ndicho kweli! Mbona uongo wa mchumba nao humfaa mtu?" Watu wakavunjika mbavu. Umbea una miguu. Ukamfikia Bi Somoe, mikono imo udongoni. Akaendelea kufinyanga.

Kitabu kikakwama miaka saba. Maneno yaliyochambuliwa yalibaki mafungu tu, hayasemi kitu. Ndipo Mshamu akayatia maji, moja moja, akaishi nayo kama alivyolelewa. Kitabu kikasimama, kikasifiwa hadi ng'ambo. Ndani kashukuriwa Ngwali. Somoe? Hata herufi. Na kilemba hakikutoka.

Zena, bintiye Bi Somoe, akamsomea mama yake. Bi kizee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Aliyeandika haya kalelewa vizuri." Basi.

Mvi zilipomjaa Mshamu, roho ikamsuta. Akaja na kilemba kimoja cha hariri. Akakuta kaburi la miezi miwili, na Ngwali na mkongojo wake, kaja kutoa pole.

"Nilikuwa namletea mama," Mshamu akalia.

Zena akasema, "Kaka, mama alitufundisha kitu ni ile kazi kinayofanya. Maiti havai kilemba. Mpe mwalimu aliyekunolea kisu. Kichwa chake bado kinasikia baridi."

Ngwali akakataa: "Mimi nilifundisha kwamba kweli ni kweli hata isipomfaa mtu. Kilemba ni cha Somoe. Kakitandike kaburini, kiozee huko kikiwa chake."

Mshamu kasimama, hariri mikononi. Akifuata neno la mama, mama hapati. Akifuata la mwalimu, mwalimu hapati.

Haya, msinitazame mimi, niliishia darasa la tatu. Kilemba kile kilichochelewa, je, nani alistahili kupewa?