Tonge la Kwanza la Mishi

Paukwa!

Pakawa!

Jikoni kuna nini?

Mchunga!

Mtamu au mchungu?

Mchungu, na tunaula!

Basi tulieni, msisukumane mkekani.

Hapo kale palikuwa na mtoto wa kike, jina lake Mishi. Kila mchana mama yake alikata tonge la kwanza la ugali, akalibonyeza kwa dole gumba, akalijaza mboga ya mchunga iliyopikwa kwa nazi, akalitia kinywani mwa Mishi kabla hajala mtu mwingine yeyote. Akamwimbia:

*Tonge la mama, shuka,*
*shuka ukae tumboni,*
*umpe mwanangu uzito,*
*upepo usimchukue.*

Mchunga ni mchungu, wenyewe mnajua. Lakini Mishi alikula, kwa sababu ulitoka mkononi mwa mama.

Kisha akazaliwa Mbwana. Mbwana akaota meno, akaanza kula ugali, na tonge la kwanza likahama.

"Na mimi, mama?" akauliza Mishi.

"Wewe mkubwa sasa. Jilie mwenyewe."

Mbwana huyo alikuwa hataki mboga. Akiona jani tu, anafumba kinywa. Basi nyumba nzima ikawa inambembeleza. Baba alipiga magoti akalia kama nyati. Bibi alisema, "Kula, mume wangu, la sivyo natafuta mume mwingine mwenye nguvu." Mama aliimba mpaka sauti ikamkauka. Mtoto akimeza jani moja, wote wanapiga makofi.

Mishi alimaliza sahani yake, akaiosha, akaiweka kichanjani. Hakuna aliyempigia makofi.

Siku moja jirani alibisha. "Hodi, Mama Mbwana!"

"Karibu!" akaitika mama.

Mishi akaacha kutafuna. Mama Mbwana? Tangu lini? Mama huyu alikuwa Mama Mishi! Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi akachukua kikapu akaenda kuchuma mchunga pembeni mwa shamba. Huko akamkuta kikongwe amekaa juu ya jiwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umevimba kama andazi?"

"Mama hanilishi tena. Tonge langu anapewa Mbwana."

"Loo! Na halitaki?"

"Halitaki!"

Kikongwe akacheka. Meno yake yalikuwa marefu na ya njano, na chini ya kanga yake ilichungulia ncha ya mkia. Mishi aliiona. Lakini mtu mwenye wivu huona analolitaka, na Mishi alikuwa anataka tonge lake.

"Chukua kaimati hizi," akasema yule kikongwe. "Mpe mdogo wako kabla ya chakula. Akishiba utamu, atalikataa tonge kabisa. Na akilikataa, mama yako atampa nani? Si wewe?"

Siku ya kwanza Mishi akamlisha Mbwana kaimati nyuma ya nyumba. Mchana Mbwana akafumba kinywa, hakufumbua. Mishi akasogea karibu na mama, kinywa tayari. Mama akaugeuza mkono.

"Haya, mama mkwe, kula wewe."

Tonge akala bibi.

Siku ya pili kaimati tena. Mbwana akafumba kinywa. Mishi akasogea, kinywa tayari.

"Baba Mbwana, kula wewe, lisipotee bure."

Tonge akala baba.

Siku ya tatu kaimati tena. Mbwana akaupiga mkono wa mama teke, tonge likaanguka chini, kuku akalinyakua akakimbia nalo.

Hata kuku! Mishi akaenda kulilia nyuma ya banda. Hata kuku amelishwa na mama, yeye bado!

Lakini tangu siku ya kwanza kulikuwa na jambo jingine. Mbwana alipotembea vumbini, nyayo zake hazikuonekana. Siku ya pili upepo ulimsogeza kutoka mkekani. Siku ya tatu mama alimfunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda, maana mtoto alikuwa mwepesi kama unyoya. Mishi aliyaona yote. Akanyamaza.

Siku ya nne, asubuhi, mama alimfungua Mbwana amwogeshe. Nyuma ya ua kulikuwa na mtu amejibanza. Ni yule kikongwe! Akavua kanga, mkia ukaanguka chini pu! Kumbe zimwi! Akavuta pumzi: hfuuuu! Mbwana akaruka kutoka mikononi mwa mama, akapita juu ya ua, akaingia kapuni mwa zimwi.

"Mtoto asiye na tonge la kwao ni wangu!" zimwi akapiga kelele, akaingia msituni.

Mama akaanguka. Baba akachukua panga, akakimbilia njia ya kisimani, wala siko. Bibi akawaita majirani. Mishi peke yake ndiye aliyejua kwamba njia ni ile ya penye mchunga. Akaingia jikoni, akafunga kiporo cha ugali na mboga katika jani la mgomba, akakimbia.

Akafuata mkokoto wa mkia mpaka penye nyumba ya zimwi. Zimwi alikuwa amekwenda kutafuta kuni. Ndani, Mbwana alikuwa ameningʼinizwa darini katika wavu wa susu, kama kitoweo kilichofichwa paka. Mikononi ana kaimati, mashavuni ana asali, na anaelea humo ndani hata hagusi kamba.

"Mbwana, shuka!"

"Siwezi, dada. Mimi mwepesi."

Mishi akapanda juu ya kinu, akamkatia tonge.

"Kula!" akamwamuru. Mbwana akafumba kinywa.

"Kula, nitakupa kaimati," akamwahidi. Mbwana akamwonyesha mikono, imejaa tele.

"Kula, mdogo wangu, nakuomba," akamlilia. Mbwana akageuza uso.

Nje, kuni zikasikika zikivunjwa. Tumbo la Mishi likanguruma, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Basi akakaa chini na kumpa mgongo Mbwana. Akakata tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akalijaza mchunga. Akajiimbia mwenyewe:

*Tonge la mama, shuka,*
*shuka ukae tumboni.*

Akala. Akafumba macho. Akalamba vidole.

Juu, Mbwana akachungulia. Kisha sauti ndogo ikasema, "Unakula nini?"

"Tonge langu." Akala la pili.

"Na mimi!"

Mishi aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Hili ni la watu wakubwa."

"Na mimi! Na mimi, dada!" Mbwana akatupa kaimati zote chini, akafumbua kinywa kama kifaranga.

Mishi akapanda tena kinuni, akampa tonge la kwanza. Mbwana akakunja uso, akameza. Susu likashuka kidogo. Akapewa la pili. Kamba ikalia kwi-kwi. Akapewa la tatu. Kamba ikakatika, Mbwana akaanguka pu! mikononi mwa dada yake, mzito kama mtungi wa maji.

Papo hapo zimwi akaingia. Akavuta pumzi: hfuuuu! Mbwana hakusogea. Akamshika mkono, akavuta. Hakusogea. Akamshika miguu, akavuta mpaka akapiga mweleka mwenyewe.

"Umemlisha nini?"

"Cha kwetu," akasema Mishi. "Kimebaki kidogo. Kula na wewe."

Zimwi akatia mchunga kinywani. "Mchungu!" akalia. Akatema, akaketi sakafuni, akangoja. Lakini hapakuwa na mtu wa kumbembeleza. Mpaka leo hajawahi kumeza jani, ndiyo maana anawinda watoto wa wenzake.

Mishi akambeba mdogo wake mgongoni. Alikuwa mzito, na kila hatua Mishi alifurahia uzito ule.

Nyumbani akamwambia mama yote: kaimati, mkia aliouona, tonge alilolitaka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umekosa, Mishi, na umekosa sana," akasema. "Ila mimi nilidhani anayekula vizuri hahitaji kulishwa."

Mchana wakaketi. Mama akakata tonge la kwanza, akalibonyeza, akalijaza mchunga. Mbwana akafumba kinywa, tayari kwa vita. Lakini mkono wa mama ulipita mbele yake, ukaenda kwa Mishi.

Mishi akala. Taratibu.

"Na mimi!" akapiga kelele Mbwana.

Nje jirani akabisha. "Hodi, Mama Mbwana!"

"Karibu," akajibu mama. "Lakini mimi ni Mama Mishi."

Hadithi yangu imefika chini ya sahani, aliyeshiba anawe mikono. Nasi tumejifunza hivi: mtoto hula anachomwona mwenziwe akila kwa furaha, na yule anayemaliza sahani yake bila kelele, naye ana njaa ya mkono wa mama.