Hodi Tatu za Bwana Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Mlango umefungwa?
Umefungwa!
Na komeo?
Limetiwa!
Basi sogeeni karibu.

Hapo kale, na kale yenyewe si mbali sana, Bwana Fisi alifungua jumba la mazoezi. Ndani aliweka mashine ya kukimbilia, imeupa mlango mgongo. Mkanda unarudi nyuma, wewe unakimbia mbele, na hufiki popote. Juu yake alitundika hedifoni za muziki. "Njooni mnyooshe miguu, bure kabisa!" Wanyama wakamiminika. Kuingia waliingia. Kutoka, hawakutoka.

Fisi alikuwa na adabu zake, msimwonee. Hakumla mtu bila kubisha. Alipiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa alisema, "Nyumba haina mwenyewe," akaingia, akala alichokikuta. Nani angemwitikia, na muziki umemziba masikio?

Siku hiyo alikuwemo Digidigi, mwoga wa waoga. Anakimbia, digi-digi, digi-digi! Ngoma masikioni, ndu-ndu-ndu! Raha tupu. Mara wimbo ukaisha, na kabla mwingine haujaanza akasikia nyuma yake:

"Hodi..."

Ndu-ndu-ndu! Akatupa jicho chini, akaliona taulo la rafiki yake Pimbi, limetafunwa nusu. Akasahau kukimbia, mkanda ukaanza kumrudisha nyuma, polepole, mlangoni. Akang'oa hedifoni.

"Hodi." Hiyo ya pili. Na mate yanadondoka, to, to, to.

"Hod..."

"Ka-ka-karibu!"

Fisi akafunga mdomo kwa hasira. Mgeni aliyekaribishwa amle mwenyeji wake? Aibu hiyo!

"Pita, mjomba," akasema Digidigi, meno yakigongana. "Panda usikilize. Huyu mwimbaji anataja nyama tu, mwanzo mpaka mwisho."

"Nyama gani?"

"Ya mbavu."

Fisi akarukia mashine, akavaa hedifoni. Digidigi akaongeza sauti, akaongeza na mwendo. Gudu-gudu-gudu! Fisi kafumba macho, anasubiri mbavu zitajwe.

Digidigi akatoka nje, akageukia mlango.

"Hodi!" Gudu-gudu.
"Hodi!" Gudu-gudu.
"Hodi!" Gudu-gudu-gudu.

"Nyumba haina mwenyewe," akanong'ona. Akatia komeo la nje, kwacha!

Fisi alikimbia mpaka mkanda ukakatika, ndipo akavunja mlango. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imelika, ndiyo hiyo mifupi mnayoiona. Na bado anazunguka, anatafuta nyumba isiyoitika.

Funzo lake, watoto wangu, ni kwamba mazoezi ni afya. Kimbieni kila siku, zibeni masikio barabara, na mtu akibisha msijisumbue kumwitikia.

Hadithi yangu nimeitua, anayeitaka ajitwike.
Tumejitwika!
Shii! Huko nje nani anasema hodi?
KARIBUUU!