Kwa Nini Mwanga wa Mghoi na Mwakio Haufiki Ardhini

Sogeeni, maana kisa hiki hakisimuliwi kwa kupaza sauti. Mbingu haikuwa mbali namna hii zamani. Iliegemea vilele vya milima ya Taita, na hewa ilikuwa nyembamba, ya kutosha kuvuta pumzi tu. Nyota zilikuwa majirani wa watu. Mtu aliweza kusimama kilimani akazungumza nazo kama unavyozungumza na mtu wa ng'ambo ya ua.

Wakesho, mke wa mfugaji mmoja, alikuwa na shoga yake huko juu, nyota ya samawati aliyeitwa Mghoi. Walipiga soga kila Wakesho alipopeleka mbuzi malishoni. Mume wa Mghoi, Mwakio, alikuwa nyota kubwa kuliko zote, aliyewaka bila kujiwekea akiba, mpaka moto ukamwishia. Akajikunja, akanywea, akawa mdogo na mweusi, lakini mzito ajabu. Mghoi hakumwacha. Alimsogelea akamwambia, "Kula kwangu."

Mwakio akala. Moto wa mkewe ulimtiririkia, ukamzunguka mbiombio kama maji yanavyozunguka kabla ya kuzama shimoni, ukasuguana, ukachemka kupita moto wowote uliojulikana. Humo ukatoka mwanga unaopenya nyama hadi mfupa, kama ule wa eksirei za hospitali. Mtama ulinyauka ukiwa mchanga. Mbuzi walizaa wafu. Kisha Mkanyika, binti wa Wakesho, akaacha kunyonya.

Wakesho alipanda kileleni. "Shoga yangu," alisema, "mtoto wangu anakwisha. Hebu jitenge na mumeo, walau kidogo."

Mghoi akamjibu, "Nikijitenga atabaki gizani peke yake. Wewe wako ungemwacha?"

Wakesho alitaka kusema ndiyo, ulimi ukakataa. Aliketi juu ya jiwe akalia, wala hakumlaumu.

Alipokwisha kulia alimwendea Mlungu aliyeumba vyote. Hakumwomba awatenganishe wale wawili. Aliomba kivuli cha mwanawe, basi.

"Kivuli kipo," Mlungu alimwambia. "Kila chenye uhai kitoe pumzi yake, nami nitazitandaza na kuisukuma mbingu juu. Lakini ule mwanga hautapita tena. Shoga yako hutamwona kama ulivyomzoea, na sauti yake haitakufikia."

Wakesho akakubali, akashika njia ya kurudi. Alipitia kileleni kuaga.

"Mbele ya mtoto sina la kuchagua," alisema.

"Najua," Mghoi alijibu. "Nenda kamnyonyeshe."

Basi watu wakapumua, na ng'ombe, na nyani wa misituni, na miti nayo ikapumua kwa namna yake. Pumzi zikapanda, zikatanda tabaka juu ya tabaka, na mbingu ikainuka mpaka shingo zikachoka kuitazama. Mkanyika akalishika titi akanyonya. Wakesho alimshika kichwa mpaka akashiba na kusinzia, kisha akatoka nje akaangalia juu. Pale alipozoea kumwona shoga yake palikuwa na nukta hafifu isiyosema kitu. Alisimama hapo muda mrefu, kisha akaingia ndani kupika.

Na tangu siku hiyo hewa imekuwa blanketi letu, na mwanga wa nyota inayomla mwenzake haufiki ardhini, hata ungepanda mlima gani. Anayeutaka hana budi kwenda juu ya hewa yenyewe. Ndiyo sababu wataalamu hurusha darubini kwa roketi, zikaelea huko anga za juu na kukesha zikiuangalia. Huuona ukififia, yule anayekula anapozunguka na kupita nyuma ya mwenzake, halafu ukarudi, halafu ukafifia tena. Wao huandika hesabu zao. Sisi wa huku milimani tukisikia habari hizo, tunajua tu kwamba Mghoi hajamwacha mumewe.