Doti ya Aliyepika Pilau

Sogeeni, enyi wepesi wa kuhukumu, na mwenye njaa akae nyuma, maana hadithi yangu inanukia.

Palikuwa na wanachuo watatu. Shaibu alijaliwa pua: kwa harufu tu alijua kitunguu kimeiva au kimeungua. Mchumba wake, Nyamizi, alisomea uhandisi wa umeme. Nyaya zilimtii, lakini yeye na sufuria hawakuwahi kusalimiana. Sikitu, aliyeishi naye chumba kimoja, alikuwa na mikono mitiifu: mwambie koroga, atakoroga mpaka umwambie basi.

Siku moja mama yake Shaibu akafika bweni la wasichana, doti ya kanga kwapani. "Nataka pilau," akasema. "Doti hii ni ya aliyeipika, na huyo ndiye mkwe wangu. Naapa!"

Nyamizi akatabasamu. Shaibu alimpenda kweli, ila yeye Nyamizi pilau hakuijua.

Jikoni, jiko la umeme likagoma. Nyamizi akalifumua, akaunga waya, koili ikawa nyekundu. Lakini waya ulichomoka kila ukiachwa, ikabidi achuchumae akiubana kwa koleo mpaka mwisho. Bila yeye, mgeni angetafuna mchele.

Wanaume hawaruhusiwi bwenini. Shaibu, aliyekaa na mama barazani, akaaga kwamba anafuata soda, akazunguka nyuma, akatia pua dirishani. "Weka saumu! Bizari sasa! Koroga, dada, unaniunguzia ndoa!" Bila yeye, pilau ingekuwa makaa.

Sikitu, ambaye hakuwahi kupika pilau tangu azaliwe, alikaanga, akakoroga, akafunika, jasho likimtiririka. Bila yeye, pua na umeme vingebaki kutazamana tu.

Alipopelekewa sahani barazani, mama akaonja, akafumba macho. "Mbona hii ni pilau yangu mwenyewe! Nani kapika?"

Ulimi ukamwasha Nyamizi. Neno moja tu, "mimi", na ndoa ni yake. Lakini kila sikukuu ya ukoo ule angeitwa jikoni, naye hakutaka kuolewa na uongo. "Mama, mimi niliwasha jiko. Sikitu alikoroga. Mwanao alielekeza, dirishani."

Mama akamgeukia Shaibu, aliyekwisha kurudi na soda. "Nilikufundisha kwa siri, baba yako asijue, nawe unatangaza madirishani!" Akacheka hadi miwani ikadondoka, kisha akaitazama doti. "Lakini nimeshaapa. Nikimpa Shaibu, mwanangu ndiye mkwe wangu. Nikimpa Nyamizi, nimemwoza mwanangu fundi umeme badala ya mpishi. Nikimpa Sikitu..."

"Mama, mimi nina mchumba wangu Tabora!" Sikitu akadakia.

Nyamizi aliitazama ile kanga, akaitaka mpaka machozi yakamlengalenga, lakini mkono hakuunyoosha.

Haya, wenzangu, pilau inapoa na mama hainuki bila jibu. Je, wewe ungemvika nani kanga ile?