Mbuzi ya Bwana Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa jiko. Jikoni mna nini?

— Mna nazi!

Na nazi hukunwa kwa nini?

— Kwa mbuzi!

Haya, sogeeni basi. Na wewe hapo nyuma, acha kutafuna, unanipotezea hadithi.

Hapo kale kiangazi kilikuwa kibaya. Visima vikakauka, madimbwi yakakauka, ukabaki mto mmoja tu. Na mto wenyewe ulikuwa na njia moja ya kushukia majini. Kwenye njia hiyo kalala nani? Kalala Bwana Kiboko, pwaa! Kaiziba yote.

Bwana Kiboko alipenda tui la nazi kuliko roho yake. Tui asubuhi, tui mchana, tui jioni. Akatangaza, "Anayetaka maji anikunie nazi. Akimaliza fungu lake, nampisha ateke kata moja."

Wanyama wangefanyaje? Wakakuna. Lakini balaa ilikuwa ile mbuzi. Desturi ya nchi ile, chombo hupimwa kwa mwenye kukiagiza, si kwa mwenye kukitumia. Aliyeagiza ni Kiboko, basi fundi akapima makalio ya Kiboko na mkono wa Kiboko. Likatoka dude pana kama kitanda, na jino la kukunia liko huko mbele, mbali.

Mzee Kobe alipandishwa, akateleza, kupu! Chali, miguu inapunga hewani. Nguchiro alikuna amelala kifudifudi. Na Bi Kindi, huyu ndiye wetu, mdogo hivi, mama wa kichanga kimoja, alikaa ukingoni miguu ikining'inia. Alijinyoosha mpaka mbavu zikaonekana, ndipo akalifikia jino. Akawa anakuna na kuimba:

*Kuru kuru, kuru kuru,*
*miguu yangu haifiki chini!*
*Kuru kuru, kuru kuru,*
*mgongo wangu, mama, mgongo!*

Akimaliza, jua limezama. Kata yake ya maji, nusu akanywa, nusu akampa mwanawe, na mtoto bado anaramba midomo. Siku moja mtoto akalia, Bi Kindi akainama amwinue, mgongo ukakataa. Akabaki vile vile, mtoto analia chini, mama analia juu. Inauma, jamani, mwanao yuko miguuni pako na huwezi kumbeba.

Akaenda kwa Kiboko, kajikunja hivyo hivyo.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Nazi zimeisha?"

"Bado, bwana. Ile mbuzi inatuumiza. Tuchongee ndogo."

"Inaumiza?" Kiboko akashangaa kwelikweli, maana hakuwa na roho mbaya, alikuwa mroho tu. Mbuzi ilikuwa hapo hapo ubavuni pake. Akaikalia, akajitikisa, raha mustarehe! "Mbona mimi nikiikalia sisikii maumivu? Wavivu nyie. Nenda kakune!"

Bi Kindi akanyamaza. Lakini kindi akinyamaza, mjue meno yako kazini. Akatafuta kipande cha mkwaju, mti mgumu usiovunjika. Akatafuna, ngwe ngwe ngwe, akatoa mbao mbili, akazipishanisha zikunjuke na kukunjika kama mbuzi yoyote. Jino akaweka la ganda la kome. Akajipimia mwenyewe, kalio lake, mguu wake, mkono wake. Akaikalia. Lo! Miguu imetua chini, mgongo umetulia.

Kulipokucha akampitia Kiboko pale njiani.

"Bwana, kuna jambo... Basi, niache."

"Jambo gani?"

"Aa, si kitu."

"Sema, we Kindi!"

"Nina mbuzi ya siri, bwana. Nazi ikikunwa hapo, tui linakuwa zito, ukichomeka mwiko unasimama."

"Unasimama?"

"Wima! Ila ina miiko yake. Akune mwenye nazi mwenyewe. Akunie kule juu kilimani penye upepo. Na asiinuke mpaka nazi ziishe."

Kiboko mate chulu chulu! Akapanda kilima, du! du! du! Akaikalia ile mbuzi ndogo. Magoti yakafika masikioni, tumbo likamkaba koo, kifuu kikapotea mkononi. Akaanza:

*Kuru kuru, kuru kuru,*
*magoti yangu yanapiga masikio!*
*Kuru kuru, kuru kuru,*
*mgongo wangu, mama, mgongo!*

Fungu halijapungua, kiuno kikawaka moto. Akajaribu kuinuka. Kwap! Zile mbao zikajikunja, zikambana minofu. Akikaa, anaumia. Akiinuka, anabanwa. Akikaa tena, uwii!

Na huko mtoni? Njia nyeupe! Wanyama wakashuka, shwaa! Wakanywa, wakaoga, Mzee Kobe akaelea kwa raha zake. Mtoto wa Bi Kindi alikunywa mpaka kitumbo kikalia ndo ndo.

"Kindi!" Kiboko akanguruma. "Njoo! Kidude chako kinaniua!"

Bi Kindi akaja, taratibu. "Kinaumiza? Hebu nione." Kipembe cha mbao kilikuwa kimebaki wazi. Akakikalia, akakunja mikono. "Mbona mimi nikiikalia sisikii maumivu?"

Kiboko akatega masikio. Maneno yale aliyajua yalikotoka. Machozi yakamtiririka.

"Hivi ndivyo mlivyokuwa mnaumia, Bi Kindi?"

"Hivi hivi, bwana. Ila sisi tulikuwa na kiu pia."

Kiboko akainamisha kichwa. "Njia ni yenu," akasema kwa sauti ndogo. "Nitoeni."

Wanyama wakapanda kilimani, wakamvuta, pwop! Bi Kindi akamkanda kwa mafuta ya nazi huku akimwambia pole, maana alikuwa anampenda yule mzee, mroho tu. Na Kiboko alipopona akashika kamba, akampima mwenyewe kila mnyama achongewe mbuzi yake, ulimi nje, akijisifu kwamba kupima amekubuni yeye. Mbuzi ya Kobe ikatoka fupi kama sahani. Na Bi Kindi, baada ya kukaa vizuri siku kadhaa, aliinama, akamwinua mwanawe, akamfunga mbeleko, akaenda zake akiimba.

Nazi yangu imekwisha kunwa, kimebaki kifuu. Ikiwa tamu, tui ni lenu. Ikiwa chachu, machicha ni yangu.

Na funzo lake, watoto, ni hili: kiti kikikuumiza, kosa ni la kalio lako. Usilalamike. Jinyooshe tu, utafika.

Haya, nani atanivuta niinuke? Nyie watoto, kigoda hiki mlichonipa kimenimaliza mgongo!